Kaburi Lenye Jina la Thérèse

Sehemu ya Tisa

Mlango tuliouacha wazi Jumamosi iliyopita bado uko wazi, na mzee wa watu bado ameshikilia kitasa. Hajasogea. Wala mgeni wake hajasogea.

Wasomaji mliotuandikia mkiapa kwamba atakayefungua ni Magloire, mume aliyepotea, poleni sana. Aliyefungua ni Padri Eusebio mwenyewe, mzee wa miaka themanini kasoro, kandambili miguuni, kitambaa cha kufutia vyombo begani. Lakini maneno yake mliyasikia sawasawa. Alimtazama yule mama aliyetoka London peke yake, akamtazama tena, kisha akasema kwa Kiswahili cha Uvira, ambacho katika mji mzima wa Taxco hakuna mwingine aliyekijua:

"Mama Miradie. Wewe nilikuzika."

Thérèse alingoja moyo umwende mbio, kama unavyopaswa kumwenda mtu aliyeambiwa neno kama hilo. Haukwenda. Alichohisi ni mkanda wa begi uliokuwa ukimkata bega. Akakumbuka pia kwamba basi la kurudi Mexico City linaondoka saa tisa, na saa tano ilikuwa imekwisha kupita.

"Si mimi, Padri," akasema. "Mimi niko hapa."

Sasa kwa yule ambaye magazeti yake ya wiki zilizopita yalifungiwa maandazi kabla hajayasoma, tumpe habari kwa ufupi. Thérèse ni Mkongo, mkazi wa Edmonton, kaskazini mwa London, na kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka 1998 watu wenye bunduki walimchukua mumewe, Magloire, kule Uvira, na hakurudi. Tangu siku hiyo Thérèse hajalia. Si kwamba anajikaza. Machozi hayapo tu.

Sasa ni Novemba 2008, na Philemon, Mkenya dereva wa basi, anataka kumwoa, tena anataka kweli. Paroko wao wa Edmonton amekataa kutangaza ndoa mpaka aone maandishi ya mtu aliyemzika Magloire. Watu wa Uvira wote walitaja jina moja, Padri Eusebio, mmisionari aliyezika waliouawa siku zile na ambaye sasa anapumzika uzeeni mjini kwao Mexico. Barua mbili alizotuma kupitia shirika lake hazikujibiwa. Thérèse akaomba ruhusa ya siku nne kazini, akapanda ndege. Katika siku hizo nne, saa za kukaa Taxco ni nne tu.

Tuendelee. Padri alinyoosha mkono, akamshika mgeni kifundo cha mkono, akakibonyeza kama daktari anayetafuta mapigo. Alipoyapata, akaita kwa sauti. Dada yake, mjane mnene aliyekuwa jikoni, akaja, akawagombeza wote wawili kwa Kihispania na kuwakalisha mezani.

Watu huja Taxco kutoka mbali kuona lile kanisa lake la mawe ya waridi lenye minara miwili, na nyumba nyeupe zilizobandikwa kilimani, na maduka ya vito vya fedha. Thérèse alivipita vyote hivyo ndani ya teksi, kigari cheupe chenye mgongo wa kobe kilichopanda vichochoro vya mawe kikinguruma. Ukimuuliza leo aliona nini, atakwambia aliona kisogo cha dereva.

Chumbani mle aliona karatasi ukutani. Ilijaa majina, na chini yake palikuwa na kipande cha mshumaa ulioteketea na maua ya manjano yaliyoanza kunyauka. Padri akamweleza kwamba kila tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, huyasoma kwa sauti majina ya watu wote aliowazika Afrika. Akaweka kidole katikati ya karatasi.

Jina lake lilikuwapo, kamili, la ubatizo na la ukoo. Chini yake palikuwa na jina la binti yake, Miradie, na neno moja pembeni: mtoto. Thérèse alisoma mara mbili. Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba Padri alikuwa na mwandiko mzuri.

"Nimekuombea miaka tisa," Padri akasema.

"Asante," Thérèse akajibu.

Hapo ndipo mzee akaanza kusimulia, na sisi tutamfupishia maana alikuwa anasimama kila sentensi ya pili kumgusa mgeni mkono. Baada ya mauaji ya Uvira aliwafuata waumini wake ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Mwaka 1999 kipindupindu kikaingia kambini. Makaburi yalichimbwa kumi na tano kwa siku, na wachimbaji wenyewe walikuwa wagonjwa. Nyuso zilikuwa zimekwisha kufungwa kwenye turubai zilipomfikia yeye. Hakukuwa na nafasi ya kuuliza huyu ni nani na ndugu zake wako wapi. Ulisoma kadi ya posho iliyofungwa kwenye pindo la kitenge cha maiti, ukaandika, ukazika.

Siku moja ikaja maiti ya mwanamke na mtoto wake wa kike, na kadi. Jina kwenye kadi lilikuwa la Thérèse. Watoto: mmoja, wa kike.

Thérèse akainamisha kichwa. Alikuwa ameelewa kabla mzee hajamaliza.

"Ile kadi nilimupa Honorine," akasema.

Msomaji ambaye hajawahi kukaa kambini atashangaa, lakini aliyekaa anajua. Kadi ya posho ni unga, maharage na mafuta ya kupikia kila wiki mbili. Mtu anayetoroka kambi kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam haondoki nayo, maana huko njiani haimpi kitu. Kuichana ni sawa na kumwaga chakula. Humwachia jirani aliyechelewa kuandikishwa, na kuanzia siku hiyo jirani anaitika jina la kwenye kadi bila kupepesa macho. Kambi nzima ilifanya hivyo. Thérèse alipoondoka usiku na Miradie mgongoni, kadi alimwachia Honorine, kwa sababu Honorine naye alikuwa na binti wa umri uleule na hesabu ya kadi ingekubali.

Miaka tisa hakumkumbuka Honorine hata mara moja. Sasa alimkumbuka vizuri: mwanamke mrefu, aliyekuwa akiazima sufuria na kuirudisha imesuguliwa kuliko alivyoichukua. Amelala Kigoma chini ya jina la mtu mwingine, na ndugu zake, kama wapo, bado wanamtafuta.

"Nilipaswa kufungua turubai," Padri akasema. "Nilikujua sura. Nilikubatizia mutoto."

Thérèse hakumlaumu. Alitaka kumlaumu, akajipekua ndani kama mtu anayejipapasa mifukoni, akatoka mikono mitupu.

Dada wa Padri akaleta sahani. Juu yake palikuwa na vidudu vidogo vya kahawia, vimepondwa na pilipili na kuviringishwa kwenye chapati ya mahindi. Padri, kwa aibu kidogo, akasema hivi ni jumiles, huokotwa milimani mwezi huu, wageni wengi hukimbia. Akaongeza kwamba vinatia ulimi ganzi. Mwanamke aliyekula kumbikumbi tangu utotoni hawezi kukimbia kidudu. Thérèse alikula chapati mbili na ulimi wake haukuona tofauti yoyote.

Aliponawa mikono akauliza lile lililomvusha bahari. Lilikuwa swali jepesi, na alilitoa kwa sauti ileile anayoulizia wazee wake wa Edmonton kama wameshakunywa dawa.

"Magloire ulimuzika wapi?"

Padri akamtazama dada yake, kana kwamba dada yake angeweza kumsaidia. Kisha akasema:

"Magloire sikumuzika."

Aliwatoroka waliomchukua, Padri akaeleza. Alikaa msituni, akaumwa, akavuka ziwa na wavuvi, akafika kambini miezi mitatu baada ya lile kaburi. Aliuliza habari za mkewe na mtoto kwa mtu aliyekuwa anamwamini kuliko wote, yaani Padri mwenyewe, naye akamshika mkono na kumpeleka makaburini. Magloire alikaa pale siku mbili. Alinyoa nywele. Siku ya tatu akaomba afanyiwe misa, kisha akaondoka kambini na hakurudi tena.

"Akafia wapi?" Thérèse akauliza.

Mzee aliinuka kwa shida, akaenda kabatini, akarudi na bahasha. Ilikuwa na stempu yenye kichwa cha malkia wa Uingereza. Ndani palikuwa na kadi ya Krismasi ya mwaka uliopita, na mwandiko ambao Thérèse aliujua kabla hajausoma, ule wa herufi zinazoegemea kushoto. Magloire alikuwa anamtakia Padri heri, anamwambia kazi ipo na Mungu amemsaidia, na anaomba, kama kila mwaka, misa kwa ajili ya roho ya Thérèse na ya Miradie. Nyuma ya bahasha kulikuwa na anwani.

Rayners Lane, Harrow.

Thérèse anaijua Rayners Lane, iko London ileile anayoishi. Mwaka 2005 wakala wa kazi alimpeleka kufanya shifti za wiki mbili katika nyumba ya wazee karibu na hapo, na kila asubuhi alishuka kituo kile, akanunua chai, akasubiri basi. Amekaa angani saa kumi na moja kutafuta ushahidi wa kifo cha mtu ambaye angeweza kumfikia kwa kadi yake ya Oyster, ile ya nauli ya treni na mabasi ya London.

Unadhani alipiga kelele? Hakupiga. Aliiweka ile kadi mezani, akainyoosha ukingo uliokunjika, akaendelea kuunyoosha mpaka saa ya ukutani ilipogonga saa saba. Alikuwa anamfikiria Philemon. Alimwona amesimama jikoni kwake na sare ya basi, anafunga kifungo ambacho kila siku kinafunguka, anamwambia Miradie amalize maziwa. Alijua kwamba anampenda, kwa namna mtu anavyojua kwamba nje ni baridi huku amekaa ndani.

Kisha akavuta kalamu iliyokuwa mezani na kuisukuma mbele ya mzee.

"Andika, Padri. Andika ulimuzika Uvira, mwaka ile ile."

"Ni uongo, mama."

"Na ile ya kwangu ilikuwa kweli?"

Thérèse hakupandisha sauti hata kidogo. "Kifo yangu uliandika bila kuniangalia sura," akasema. "Andika na yake. Yeye anajua mimi nilikufa. Mimi ninajua yeye alikufa. Hakuna mutu atalia tena."

Mwishowe mzee akachukua kalamu. Aliandika kwa Kifaransa, mistari minne, kwamba yeye Eusebio alimzika Magloire kwa mikono yake mwaka 1998. Akatia saini. Akafungua mtoto wa meza, akatoa muhuri wa zamani wa parokia ya Uvira, akaupulizia na kuugonga. Alipomkabidhi barua hiyo aliweka juu yake ile bahasha yenye stempu ya malkia.

"Hii dhambi ya kuandika ni yangu," akasema. "Lakini unatoka hapa na barua mbili. Ya kupeleka utachagua mwenyewe."

Thérèse akazitia zote begini, akambusu dada wa Padri mashavuni, akashuka kilima kwa miguu.

Uwanjani, mbele ya lile kanisa la mawe ya waridi, alipata simu ya kadi. Taxco ilikuwa saa nane mchana, London saa mbili za usiku. Philemon alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. Alikuwa kwa Thérèse, amempikia Miradie ugali na samaki, wameshakula.

"Umeipata hiyo barua?"

"Nimepata."

"Inasema nini?"

"Inasema alikufa."

Mwanamume mwingine angeshangilia. Philemon akasema pole, akairudia, akauliza kama amekula na kama ana mahali pa kukaa akingoja basi. Baadaye kabisa, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana ana furaha, ndipo akamwambia ya kwake. Amezungumza na Father, naye akishaiona barua, tangazo la kwanza litasomwa Sunday ijayo. Mama yake huko Kakamega ameshapata viza, na tangu juzi anaaga majirani. Thérèse akasema vizuri.

Miradie akachukua simu. Ana miaka kumi na miwili, na kama watoto wote wa pale London anakisikia Kiswahili cha mama yake chote na kukijibu kwa Kiingereza chote. Akauliza kama huko kuna joto. Kisha akauliza kama basi ni kweli baba amekufa.

"Ndiyo," mama yake akasema.

Halafu mtoto akauliza kama ni vibaya kumlilia mtu ambaye humkumbuki, kwa sababu yeye analia na hajui ni kwa nini.

Thérèse akamwambia si vibaya. Alirudisha mkono wa simu mahali pake na kusimama hapo, watalii wakimpita kushoto na kulia. Binti yake wa miaka kumi na miwili alikuwa anamlilia mtu aliye hai, na machozi hayo yeye ndiye aliyeyatoa, kwa neno moja. Alijua hilo ni jambo baya. Alilijua kichwani, na chini ya shingo hakukufika kitu.

Tusiwachoshe na basi na ndege. Alifika Heathrow Jumapili saa nane mchana, akapanda treni ya chini kwa chini ya laini ya Piccadilly, ambayo humpeleka moja kwa moja mpaka karibu na kwake, ambako huchukua basi la Edmonton. Philemon alikuwa zamu hadi jioni. Miradie alikuwa kwa rafiki yake. Hakuna mtu aliyekuwa anamngoja kwa saa tatu zijazo.

Acton Town ni kituo ambapo laini hiyo hugawanyika. Abiria wa Rayners Lane hushuka hapo wakabadilisha. Milango ikafunguka. Thérèse alikuwa amekaa na begi mapajani, amechoka, hana hili wala lile. Akaona miguu yake imesimama.

Msiniulize kwa nini. Nimemuuliza mwenyewe na hana jibu la maana. Anachosema ni kwamba alitaka kuona kama kuna kitu kitauma.

Duka la chini ya anwani ile lilikuwa hatua chache kutoka kituo cha Rayners Lane, la vyakula, limejaa magunia ya mchele na makasha ya maembe mpaka kwenye lami. Mwenyewe, Dhiren, Mhindi wa Kisumu mwenye sweta na kalamu sikioni, alimsikia Thérèse akihangaika na Kiingereza, akageuza lugha palepale.

"Magloire? Yeye tenant wangu, hapo juu. Zunguka nyuma, panda ngazi ya chuma. Leo iko off." Akamtazama tena. "Wewe ni mtu wa kwao?"

"Wa kwao."

Dhiren akasema amefurahi sana, maana jamaa ni mtu mzuri lakini miaka sita hajawahi kuona mtu wa kwao akija kumwuliza. Wakongo wenzake akiwaona njiani huvuka barabara. Hataki maswali ya alikotoka na aliowaacha. Thérèse akashukuru, akazunguka nyuma, penye mapipa ya taka na magari ya kupakulia mizigo.

Ngazi zilikuwa kumi na saba. Alizihesabu kwa sababu hakuwa na jambo lingine la kufanya kichwani. Juu kulikuwa na mlango wa bluu, na harufu iliyopita chini yake ilikuwa ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese kama yapikwavyo Uvira na si kwingine. Akabisha.

Aliyefungua alikuwa mtoto wa kike wa miaka mitano hivi. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa na nusu haijasukwa, na mkononi ameshika kitana. Thérèse akamtazama. Masikio yalikuwa ya Magloire.

"Papa iko?" akauliza.

Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba papa anapika, na kwamba haruhusiwi kumfungulia mtu asiyemjua, kisha akauliza yeye ni nani. Akabaki amefungua vilevile, kwa kuwa wageni hawakuwa wengi pale.

Hapo Thérèse angeweza kusema amepotea nyumba. Ngazi kumi na saba za kushuka, treni, basi, angekuwa kwake, na Jumapili ijayo jina lake lingesomwa kanisani pamoja na la Philemon. Barua yenye muhuri ilikuwa begini. Lakini mdomo ulishazoea kujibu namna moja tu unapoulizwa wewe ni nani, nao ukajibu.

"Umwambie Mama Miradie amefika."

Mtoto akakunja uso. Akamweleza, polepole, kama anavyoelezwa mtu mzima asiyejua mambo, kwamba huyo Mama Miradie ni mama yake yeye, na mama yake yuko kazini mpaka saa mbili, na Miradie ni yeye mwenyewe.

Kwao Uvira jina la mtu aliyekufa hupewa mtoto anayezaliwa, lisipotee nyumbani. Thérèse hakuhitaji kuelezwa. Magloire alimpoteza binti, akapata mwingine, akamwita vilevile. Na mwanamke aliyemzaa, yeyote yule, miaka mitano sasa majirani wanamwita Mama Miradie, naye anaitika.

Iliuma. Ilianzia chini ya titi la kushoto ikapanda mpaka kooni, na Thérèse akashika ukingo wa ngazi kwa mikono miwili. Miaka kumi hakuwa amesikia maumivu ya aina hiyo, na kwa muda mfupi alikuwa karibu kufurahi.

"Miradie," sauti ikaita kutoka jikoni. "Ni nani?"

Akatokea, mwiko mkononi. Alikuwa amenenepa, na nywele za panjani zilikuwa nyeupe. Aliangalia kwanza mtoto, kisha akainua macho.

Magloire akamvuta mtoto kwa gauni, akamweka nyuma yake, akaufunga mlango taratibu kama unavyofungwa mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Thérèse akasikia komeo likiingia.

Alibaki peke yake juu ya ngazi. Alielewa vizuri kabisa kilichotokea. Mle ndani kulikuwa na mwanamume aliyemwona mke wake aliyezikwa Kigoma, na kama huyo mke angeshuka sasa hivi, mwanamume angeamini maisha yake yote kwamba aliona mzimu. Hangemtafuta. Hangemwambia mtu. Philemon angeoa, Miradie wa Edmonton angemaliza kulia, huyu mdogo angemaliza kusukwa. Hakuna nafasi nyingine ambayo ingekuwa rahisi kama hiyo, na Thérèse aligeuka, akashuka ngazi ya kwanza, akashuka ya pili.

Ndipo akamsikia anasali.

Alikuwa anasali kwa Kiswahili, hapohapo nyuma ya mlango, sala ya kuwaombea marehemu. Alitaja jina la Thérèse, la ubatizo na la ukoo, kama lilivyoandikwa ukutani kwa Padri. Alimwombea apumzike. Kisha akanyamaza, kwa sababu sala ile ina mahali pa kunyamaza, ambapo anayeongoza huwangojea wengine waitikie. Mtoto hakujua cha kuitikia. Magloire akangoja, akaanza upya, akafika palepale, akanyamaza tena.

Thérèse amekaa kwenye matanga ya Wakongo wa Edmonton mengi kuliko anavyoweza kuyahesabu, na katika yote ameitikia sala hiyo pamoja na wenzake kwa macho makavu. Safari hii uso wake ulikuwa umelowa mpaka kidevuni, naye hakuwa na habari.

Akaitikia.

Nyuma ya mlango sala ikakatika. Sombe ilikuwa inaungua. Halafu akasikia mkono ukipapasa mbao, ukitafuta komeo.